Maziwa Yenye Manjano

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukuta humu mijadala ya ngeli, ya vina na mizani, na ya shida za kufundisha Kiswahili mahali ambapo wanafunzi hawakuzaliwa nacho. Leo naomba ruhusa niingie jikoni. Siendi huko kwa kuchoka na sarufi, bali kwa kuwa huko ndiko nilikokutana na jambo la lugha ambalo sikupata kulikuta darasani, tena jambo ambalo nusura linipotezee mtu nimpendaye. Nalo limo katika kikombe cha maziwa yaliyochemshwa pamoja na manjano na viungo vingine, kinywaji ambacho siku hizi kinasifiwa mno, na kila anayekisifu hukipa jina lake.

Nianze na kiungo chenyewe. Manjano ni wa jamaa moja na tangawizi. Kile tunachokiita mzizi wake kwa hakika ni shina linalotambaa chini ya ardhi, lenye ngozi ya hudhurungi na nyama ya rangi kali. Wenzetu wa pwani huliita manjano, na wengine huliita bizari ya manjano, ili kulitenga na bizari nyembamba itiwayo katika pilau. Hapa kwetu Uganda utasikia binzari, na Waganda husema binzaali. Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo lilihusu mbegu na viungo vya kutia katika chakula. Basi si ajabu kwamba mtoto akitumwa dukani kununua binzari bila maelezo zaidi, aweza kurudi na kimojawapo cha vitu vitatu, na vyote vitatu vikawa sahihi. Ama neno manjano, Watamil wa kusini mwa India huliita zao hili manjal, nami namwachia msomaji asikilize mwenyewe.

Rangi nayo ilipewa jina kutokana na kiungo hiki, kama kijani ilivyotokana na jani na kijivu ilivyotokana na jivu. Kisha masikio ya watu yakadhani kwamba ile ma- ya mwanzo ni kiambishi cha wingi, wakaiondoa, tukapata njano. Leo refa hutoa kadi ya njano, na vijana wanaopiga kelele uwanjani hawana habari kwamba refa amechomoa mfukoni jina la kiungo cha mchuzi. Walimu wengine hulikemea neno njano. Mimi nimeacha kulikemea, maana watu milioni wakikosea pamoja kwa muda mrefu, kosa hilo huingia kamusini.

Kinywaji chenyewe nilifundishwa na jirani yangu mjini Jinja. Nilimaliza Diploma ya Ualimu huko Kyambogo, nikapangiwa shule moja ya sekondari, na mwaka 2004 nikapanga chumba nyuma ya duka katika mtaa ambao nyumba zake zingali na majina ya Kihindi, na miaka ya kujengwa kwake imechorwa kwa saruji juu ya milango. Mwenye duka alikuwa mama wa Kigujarati, mtu mzima, nami nilimwita Bibi. Alizaliwa Jinja hiyohiyo. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka, yeye alikuwa bibi harusi wa miezi michache. Akaishi Leicester, Uingereza, zaidi ya miaka 20, kisha katika miaka ya 1990, watu walipokuwa wakirejeshewa nyumba zao, akarudi na mumewe akafungua duka palepale pa baba mkwe wake.

Yeye hakujua Kisoga, mimi sikujua Kigujarati. Kiingereza tulikuwa nacho sote wawili, lakini yeye alikiona ni lugha ya barua na benki. Basi tulizungumza Kiswahili, kile Kiswahili cha dukani ambacho wenzetu wa pwani hukicheka, kisicho na ngeli wala upatanisho wa maana. Wasomaji wanajua kwamba kwa watu wengi wa Buganda na Busoga waliokuwa wazima miaka ile, Kiswahili kilibaki katika kumbukumbu kama lugha ya askari wa vizuizini. Bibi alivuliwa bangili zake zote katika kizuizi kimoja njiani kwenda Entebbe, na amri aliyopewa ilikuwa ya Kiswahili. Siku moja nilimwuliza kama lugha hii haimkumbushi siku ile. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Ile ya askari ingine. Hii ya jikoni."

Muhula wangu wa kwanza, vumbi la chaki lilinishika kifua, nikawa nakohoa usiku hadi ukuta wa duka ukasikia. Usiku wa tatu Bibi alibisha hodi akiwa na bilauri ya chuma iliyofunikwa kisahani. Ndani mlikuwa na maziwa ya moto, mazito kidogo, yenye rangi ya ua la alizeti na harufu ya iliki. Kwao huitwa maziwa ya haldar, kwa kuwa haldar ndilo jina la Kigujarati la manjano. Wahindi wa kaskazini husema haldi. Nikamwuliza, "Bibi, hii ni dawa?" Akajibu, "Hapana dawa. Dawa kwenda nunua kwa daktari. Hii ya kulala." Nikanywa, nikalala. Kikohozi kiliisha baada ya wiki moja na ushei, kama vikohozi vingi vya namna ile viishavyo, wala sikupata kujua kama maziwa yalikiharakisha. Usingizi, hata hivyo, sikuwa na shaka nao.

Naomba msomaji ayaweke akilini maneno hayo ya Bibi, maana tutayahitaji. Kwanza niseme namna ya kupika, kwa kuwa nimeona mapishi mengi yaliyoandikwa kwa haraka, na maziwa ya watu yakakatika.

Kwa watu wanne, twaa lita moja ya maziwa na glasi moja ya maji. Viungo ni hivi: manjano mabichi kiasi cha kidole, au kijiko kimoja cha chai cha unga wake, tangawizi kiasi cha kidole gumba, pilipili manga punje nane, iliki nne, na kijiti kimoja cha mdalasini. Wanaopenda karafuu watie moja tu, maana karafuu ni kama mgeni mwenye sauti kubwa. Twanga vile vikavu katika kinu kidogo hadi vivunjike, visiwe vumbi. Manjano na tangawizi vimenywe na kuparuzwa.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usitie tangawizi mbichi katika maziwa yenye uvuguvugu. Tangawizi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, na Wachina wa kusini hukitumia makusudi kupata kitindamlo laini kama mtindi. Lakini sisi hatutafuti mtindi. Chemsha kwanza tangawizi, manjano na vile vilivyotwangwa katika yale maji, kwa moto wa wastani, muda wa dakika kumi. Moto huua nguvu hiyo ya kugandisha. "Maji mbele, maziwa nyuma," ndivyo Bibi alivyonifundisha, naye hakuwa amesoma kemia hata siku moja. Kisha mimina maziwa, punguza moto, na ukoroge. Povu likipanda literemshe, likipanda tena literemshe. Mara ya tatu epua. Maziwa yetu hapa Jinja tunayanunua mabichi, kwa lita, katika maduka yenye matangi ya kupoza, nayo hapana budi yachemke kweli, kwa sababu homa ya brusela ingali ipo katika mifugo na haionekani kwa macho.

Utamu hutiwa mwisho, baada ya kuepua. Mimi hutumia sukari guru, na katika Busoga haitafutwi mbali: miwa imejaa pande zote mbili za barabara tangu Kakira hadi Iganga, na viwanda vidogo vya sukari guru vinatoa moshi mchana kutwa. Lakini sukari guru ina ukali kidogo ndani ya utamu wake, na ikichemshwa pamoja na maziwa huweza kuyakata. Acha sufuria itulie kidogo, ndipo uikoroge. Chuja, unywe ya moto.

Mtu akiambiwa kwamba manjano hutia doa, husema anajua, kisha hutumia mwiko wake mzuri wa mti. Doa hilo sabuni haliliondoi; tena sabuni huligeuza likawa jekundu kama damu, jambo ambalo limewatisha wasichana wangu wa bweni zaidi ya mara moja. Si uchawi. Rangi ya manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye asili ya magadi, na walimu wa sayansi huweza kutengeneza karatasi za majaribio kwa njia hiyo bila kununua chochote. Kinacholiondoa doa hilo ni jua. Anika kitambaa siku mbili tatu, utaliona likififia lenyewe.

Ama unga wa manjano, huutwanga mwenyewe nyumbani. Huchemsha vipande vibichi muda wa dakika 45 hivi hadi viingilike kwa kijiti, nikavikata vyembamba, nikavianika siku kumi au zaidi mpaka vikivunjwa vitoe mlio, kisha kinu. Kilo tano mbichi huweza kutoa kilo moja kavu, pengine pungufu. Mume wangu huniuliza kwa nini nijisumbue na hali unga umejaa sokoni. Humjibu kwa habari ya Bangladesh. Huko, mafuriko ya mwaka 1988 yaliacha manjano ya wakulima yakiwa na rangi iliyofifia, na wafanyabiashara wakaanza kuyapaka kromati ya risasi ili yang'ae. Desturi ikaendelea miaka 30. Mwaka 2019 watafiti walichapisha habari kwamba manjano hayo yalikuwa chanzo kikubwa cha risasi katika damu ya wanawake wajawazito waliopimwa, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila kupiga hodi. Serikali yao ikachukua hatua, ikawatoza faini wafanyabiashara na kuwatangazia wananchi, na kufikia mwaka 2021 sampuli za sokoni zilipopimwa hazikuonyesha tena uchafu huo. Ni habari njema. Lakini risasi haionekani kwa jicho wala haionjeki kwa ulimi. Ni maabara tu inayoweza kuitambua. Kwa hiyo natwanga.

Sasa, je, kikombe hiki kina faida gani mwilini? Nitasema ninayoyajua bila kuongeza chumvi. Faida iliyo kubwa kuliko zote haitokani na manjano, bali na maziwa. Kikombe kimoja cha robo lita kina takriban gramu nane za protini na karibu miligramu 300 za kalsiamu. Mwanafunzi anayelala na hicho tumboni amelala na chakula. Manjano yana kitu kiitwacho kurkumini, ndicho kinachotoa rangi, nacho ni takriban asilimia tatu tu ya uzito wa unga. Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji, huyeyuka katika mafuta. Hivyo maziwa yenye mafuta yake ni mwenzi mwema. Na haipiti kwa urahisi kutoka tumboni kuingia katika damu. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu mbili za kurkumini, kisha wakawapa tena kiasi hichohicho pamoja na miligramu 20 za piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, wakaona kwamba kiasi kilichofika katika damu kiliongezeka mara 20. Habari hii imezunguka dunia, na wapishi wa kila mahali sasa husema kwamba pilipili manga ndiyo ufunguo. Bibi alikuwa akiitia bila ufunguo wowote, kwa kuwa mama yake aliitia.

Lakini tufanye hesabu, kama tunavyowafanyisha watoto. Kijiko cha chai cha unga wa manjano ni gramu tatu hivi. Asilimia tatu yake ni miligramu 90. Ukigawa kwa vikombe vinne, kila mnywaji amepata miligramu 22 na ushei. Ili afikie zile gramu mbili za watafiti, itambidi anywe vikombe karibu 90. Na hata huko kwenye kurkumini iliyokolezwa, wanakemia waliochapisha mapitio marefu mwaka 2017 walieleza kwamba hakukuwa bado na jaribio moja la kitabibu, lililofanywa kwa masharti magumu yapasayo, lililothibitisha kwamba inaponya chochote. Tena wanaomeza vidonge vya kurkumini iliyokolezwa wamo hatarini kwa namna nyingine: Italia na Marekani zimeripotiwa habari za watu walioumia maini kwa vidonge hivyo. Hao si wanywaji wa kikombe cha Bibi. Ni vitu viwili mbalimbali vilivyovaa jina moja.

Nisije nikaeleweka kwamba nadharau elimu ya wazee. Mwaka 1995 watu wawili wa chuo kimoja cha tiba huko Marekani walipewa hataza juu ya kutumia manjano kuponya vidonda, kana kwamba wao ndio wa kwanza kuligundua jambo hilo. Baraza la utafiti wa sayansi la India likapinga. Halikupinga kwa kelele. Lilipeleka maandishi, ya kale ya Kisanskriti na mengine yaliyochapwa karne iliyopita, kuonyesha kwamba jambo hilo lilijulikana India tangu zamani. Mwaka 1997 hataza ikafutwa. Kila nikisimulia kisa hiki darasani huwauliza wanafunzi: bibi yako huweka majani gani juu ya kidonda, na yameandikwa wapi? Kimya kinachofuata ndicho kilichonifanya niwape insha ya likizo juu ya jiko la nyanya zao.

Sasa nifike kwa Mzee. Baba yangu ana miaka 78, na tangu mama afariki anakaa nasi. Alifanya kazi katika reli ujana wake wote, na Kiswahili alikipata huko, miongoni mwa Wakenya na Watanganyika. Ana ugonjwa wa presha, naye kwa miaka kumi na moja amekuwa akimeza kidonge kimoja kila asubuhi. Mwishoni mwa mwaka 2022 alikwenda Busia kumzika rafiki yake, na katika basi la kurudi alipanda kijana mwenye mkoba wa chupa. Mzee alinisimulia baadaye, kwa kustaajabu, jinsi kijana yule alivyokuwa akisema. Kiswahili chake kilikuwa safi, chenye methali mahali pake na upatanisho usio na dosari, Kiswahili ambacho mimi ningekipa alama za juu katika mtihani wowote. Alisema, "Wazee wangu, hii ni dawa. Tena si dawa ya kutuliza, ni dawa ya kung'oa." Chupani mlikuwa na maji ya manjano, tangawizi na kitunguu saumu. Bei shilingi 20,000. Mzee akanunua mbili.

Hakutuambia. Kopo la vidonge lilikaa dirishani mahali pake pa siku zote, nasi hatukuwa na desturi ya kuhesabu vilivyomo. Wiki ya tano alianza kulalamika kichwa, kisha akawa anaona ukungu, na asubuhi moja damu ikamtoka puani isikatike. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya kwa pikipiki, mimi nikiwa nimemshika kwa nyuma. Presha ilikuwa 196 juu ya 112. Tabibu hakugomba. Alituvuta kando, mume wangu na mimi, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba wengine huletwa wakiwa tayari wamepooza upande mmoja, na wengine huletwa ili wapewe cheti cha kuzikwa.

Siku aliporudi nyumbani nilimwuliza, "Baba, kwa nini uliacha vidonge?" Akanijibu kwa swali. "Mwanangu, wewe ni mwalimu wa lugha. Dawa ni nini? Mganga wa kijijini hutoa dawa. Daktari hutoa dawa. Yule kijana naye alinipa dawa. Mimi ningejuaje?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Neno dawa katika Kiswahili ni pana kupita kiasi. Twasema dawa ya viatu, dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya usingizi, dawa ya kikohozi. Na wahenga wakasema dawa ya moto ni moto. Tazama jinsi kiungo ya kinavyofanya kazi hapo. Dawa ya mbu huua mbu, lakini dawa ya meno haiui meno. Dawa ya usingizi huuleta usingizi, na dawa ya kikohozi hukifukuza kikohozi. Kiungo hicho kidogo husema tu kwamba vitu viwili vina uhusiano. Ni uhusiano gani, msikilizaji hujijazia mwenyewe, kadiri ya matumaini yake. Mtu mwenye chupa akisema dawa ya presha hajasema uwongo wa kisarufi. Amekuachia nafasi, nawe mwenyewe umeijaza kwa neno kupona. Tangu hapo nimelifanya kuwa somo katika kidato cha tatu. Naandika ubaoni mafungu kumi yenye neno dawa ya, na wanafunzi wanafasiri kila moja kwa sentensi yenye kitenzi. Wanacheka hadi wanapofika kwenye dawa ya ukimwi, ambapo inawabidi wachague kati ya kutuliza na kuponya, na darasa hunyamaza.

Kwa Mzee nilisema hivi: "Baba, mtu akikuambia dawa, mwulize inafanya nini, ni kiasi gani, na nani aliipima." Akacheka kidogo. "Hayo ni maswali ya mtihani," akasema. "Katika basi nani atayauliza?" Yamkini ana haki. Na hapo ndipo nilipomkumbuka Bibi, ambaye alifariki mwaka 2015 na duka lake sasa linauza vifuniko vya simu. Yeye, kwa Kiswahili kisicho na ngeli, alitenganisha dawa na isiyo dawa katika sentensi tatu fupi, na kijana wa basi, aliyeimudu lugha kama mshairi, alivichanganya makusudi. Kwa mwalimu aliyetumia miaka 20 kusahihisha upatanisho kwa wino mwekundu, hili si jambo la kulimeza kwa urahisi, na sitasema kwamba nimelimeza.

Nilimwuliza tabibu kama Mzee azuiwe kabisa kunywa maziwa haya. Akasema kikombe kimoja cha kawaida, kilichopikwa nyumbani, hakimdhuru, mradi kidonge kimezwe. Alitaja wawili ambao yawapasa kumwona mganga wao kwanza kabla ya kuyafanya mazoea: anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mwenye mawe katika nyongo. Haya nayaandika hapa kwa kuwa wasomaji wa jarida hili wana wazazi wa umri huo.

Limebaki suala la jina. Katika mikahawa ya Ulaya na Marekani kinywaji hiki kilipata umaarufu miaka ya 2010, kikaitwa kwa jina la dhahabu, na tayari nimesikia mtangazaji mmoja akituletea "maziwa ya dhahabu". Sioni sababu ya kulipokea. Dhahabu haimo humo, na bei ya mikahawa hiyo ndiyo pekee inayofanana nayo. "Maziwa ya manjano" nayo ina utata, maana msikilizaji aweza kuelewa kwamba ni maziwa yenye rangi hiyo, na mfugaji yeyote atakuambia kwamba hayo ni dang'a, maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa jana. Wanafunzi wangu walipendekeza "chai ya manjano". Nikawaambia majani ya chai yako wapi, wakanijibu kwamba hapa Uganda kila cha moto kilicho katika kikombe ni chai. Nilishindwa kuwapinga. Mimi mwenyewe husema maziwa yenye manjano. Ni jina refu na halina mvuto wa biashara, lakini linasema kilichomo wala haliahidi kitu. Mwenye jina bora alete.

Mzee hajishughulishi na mjadala huu. Asubuhi humeza kidonge chake kwa maji mbele yangu, kisha hufungua kinywa kunionyesha, kwa kebehi, kama mtoto wa chekechea. Usiku, taarifa ya habari ikiisha, huuliza kama ile yake ya kulala iko tayari, na kama sukari guru imeongezwa. Kwa kawaida haijaongezwa.